Dawa ya Dada Yangu Imenishinda Bei, na Mama Hataki Watu Wajue

Mama Mshauri, assalamu alaikum.

Mimi ni kijana wa Lamu, mtoto wa kwanza katika nyumba yetu, na tangu baba alipofariki ni mimi ninayemtunza mama na dada yangu mdogo, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Riziki yangu iko chomboni. Wakati wa kaskazi huwapeleka wageni Manda na Kipungani, na mfukoni hapakosekani kitu. Kusi inapoingia, bahari ikachafuka na wageni wakapungua, huvua kidogo au hukaa pwani nikikarabati chombo, na nyumba nzima huishi kwa kukopa dukani.

Dada yangu ana miaka 20 na anasomesha watoto wa chekechea. Ana kifafa. Alianza kuanguka akiwa darasani, alipokuwa na miaka 14, na mama alihangaika naye kwa visomo na kombe kabla ya mjomba kushauri apelekwe Mombasa. Huko daktari wa kliniki ya binafsi alimwandikia kabamazepini, ile aina inayoyeyuka polepole mwilini, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku. Alhamdulillahi, imemfaa. Sasa ni zaidi ya mwaka hajaanguka, amerudi kucheka na wenzake, na mtu asiyeambiwa hawezi kumdhania.

Shida yangu ni bei. Daktari aliandika jina la kampuni moja tu, na dawa ya mwezi hunigharimu karibu shilingi 4,000, bila kuhesabu pesa za kuituma kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe na kuivusha kwa boti. Mama hataki tununue dawa hapa kisiwani wala twende hospitali ya serikali, kwa sababu wanaofanya kazi huko ni watoto wa majirani zetu, na dada amechumbiwa. Posa imetoka Malindi, kwa watu wa heshima, na mama anasema jambo hili lisitoke nje mpaka baada ya nikahi.

Mwezi huu sina pesa hizo. Dawa iliyobaki ni ya wiki mbili hivi. Nimeonyeshwa njia kadhaa na kila moja inanitia hofu. Kuna mtu Mombasa, rafiki ya rafiki, anayeuza dawa hiyohiyo kwa nusu ya bei, lakini huiuza vidonge vitupu ndani ya bahasha ya kaki, bila pakiti yake. Ami yangu aliyeko Muscat amesema anaweza kuiulizia huko na kuwapa wasafiri waje nayo. Mama naye anasema kwamba kwa kuwa mtoto amepona, apunguziwe, awe anakunywa kidonge cha usiku tu, na harusi ikikaribia aache kabisa. Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, ameniuliza mara moja tu kwa nini karo ya watoto hungoja kila mwezi kwa ajili ya kitu ambacho huenda hospitali ya serikali wanakitoa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Dada mwenyewe hajui lolote. Kwake dawa huja tu. Sitaki ajione mzigo, hasa wakati huu ambapo anashona nguo za harusi. Lakini nikinunua kwa yule mtu wa bahasha, je, nimwambie? Nikimpunguzia, nimwambie? Na nikienda hospitali ya hapa, nitakuwa nimemvunjia mama heshima? Nisaidie kufikiri, kwa maana usiku silali.

Nahodha, Lamu


JIBU LA MSHAURI

Wa alaikumu salaam, mwanangu Nahodha. Pokea pole zangu, na pokea pia shukrani ambazo dada yako hajui kwamba anadaiwa: msichana aliyeanguka darasani leo anasimama mbele ya darasa lake mwenyewe, na limewezekana kwa sababu yuko mtu aliyehakikisha kuwa dawa haikatiki, kusi na kaskazi.

Unaniuliza ununue wapi kwa bei unayoiweza, na unauliza kama kufanya hivyo kutamvunjia mama heshima au kumtwika dada mzigo. Umeyaandika kama maswali mawili, nami nayaona yameshikana sana. Ndani ya hizo shilingi 4,000 na nauli zake kuna bei ya dawa, na kuna bei ya kuificha. Ukizitenganisha hizo mbili, huenda ukaona kwamba ile ya kwanza ni ndogo kuliko ulivyodhani, na kwamba inayokulemea zaidi ni ya pili. Sisemi siri hiyo haina thamani. Mama yako ana sababu zake na nitazifikia. Ila ni vizuri kujua unalipia nini.

Nianze na dawa yenyewe. Kabamazepini si dawa mpya. Iligunduliwa Uswisi mwaka 1953, haki za kampuni iliyoivumbua zilikwisha zamani, na leo inatengenezwa na viwanda vingi katika nchi mbalimbali. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, yaani dawa ambazo kila nchi inashauriwa kuwa nazo kwa bei ambayo wananchi wake wanaimudu. Kwa hiyo daktari alipoandika jina la kampuni moja, alikuandikia dawa na pia alikuandikia bei ya kampuni hiyo. Je, umewahi kumuuliza kwa nini alichagua hiyo? Huenda ana sababu nzuri, na huenda ni mazoea tu. Hukunieleza kama swali hilo limewahi kuulizwa, na kuliuliza kwa simu hakugharimu nauli ya kwenda Mombasa.

Hata hivyo usibadilishe kampuni kwa uamuzi wako mwenyewe ukiwa umesimama kwenye kaunta ya duka. Kwa dawa nyingi kubadilisha kampuni hakuna shida yoyote, lakini dawa za kifafa, na kabamazepini ni mojawapo, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu tofauti ndogo ya namna kidonge kinavyoyeyuka inaweza kumrudishia mgonjwa kuanguka au kumtia kizunguzungu. Isitoshe, dada yako anatumia ile inayoyeyuka polepole, na ile ya kawaida, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei nafuu, huwezi kuiweka mahali pake kidonge kwa kidonge. Kwa kawaida hugawanywa mara nyingi zaidi kwa siku. Muulize daktari waziwazi: ipo ya kampuni nyingine ya aina hiihii ya kuyeyuka polepole? Kama haipo, anaweza kumhamishia kwenye ya kawaida, na kwa kipimo gani? Akikubali, mwambie aandike jina la dawa na aina yake badala ya jina la kampuni, kisha mkishapata inayomfaa, jitahidini kubaki na kampuni hiyo moja kila mwezi.

Zipo pia dawa nyingine za kifafa zilizo rahisi kuliko hii. Fenobabitali imetumika tangu mwaka 1912, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba matibabu ya kifafa yanaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 za Marekani kwa mwaka mzima. Lakini fenobabitali huwatia baadhi ya watu usingizi na uzito wa kufikiri, jambo ambalo mwalimu wa watoto wadogo atalihisi, na kuhama kutoka dawa moja kwenda nyingine hufanywa hatua kwa hatua chini ya macho ya daktari. Kwa mtu ambaye dawa imemtuliza zaidi ya mwaka, madaktari wengi husita kuigusa. Na kuna jambo moja ambalo nakuomba ulishike sana: mkipewa ushauri wa kuhamia valproeti, daktari lazima ajue kwamba mgonjwa ni binti anayekaribia kuolewa, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito kwamba wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa wasiandikiwe. Hata kabamazepini yenyewe inataka mazungumzo na daktari kabla ya mimba, na inapunguza nguvu za baadhi ya dawa za kupanga uzazi. Unaona basi kwamba harusi ambayo ndiyo sababu ya kuficha, ndiyo pia sababu ya daktari kuambiwa.

Sasa yule mtu wa bahasha. Naelewa kabisa kwa nini nusu ya bei inavutia, na sitaki kumhukumu mtu nisiyemjua. Jiulize lakini: kidonge kilichotolewa kwenye pakiti yake kimebaki na nini cha kukitambulisha kwako? Hakina jina, hakina namba ya toleo, hakina tarehe ya kwisha, na huwezi kujua kama ni kile kinachoyeyuka polepole au ni cha kawaida, au kama ni dawa kweli. Tena kabamazepini ina tabia moja ambayo sisi wa pwani inatuhusu sana: huvuta unyevu. Vidonge vya kawaida vikikaa kwenye hewa yenye maji maji huwa vigumu, na vinaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu zake huku vikionekana vizima. Ukiifikiria bahasha ya karatasi ikipita kwenye basi, kisha kwenye boti, kisha ikakaa kabatini Lamu wakati wa masika, utaona kwamba hata muuzaji akiwa mkweli dawa inaweza kukusaliti. (Na hata ile mnayonunua sasa, iwekeni ndani ya pakiti yake mahali pakavu, mbali na jikoni na bafuni.) Duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasi na Sumu huwa limetundika leseni yake ukutani, na mfamasia hawezi kukukasirikia ukimwomba kuiona au ukimuuliza kama ana dawa hiyo ya kampuni nyingine. Bei hutofautiana kutoka duka hadi duka, na kuulizia kwa simu katika maduka kadhaa ya Mombasa, Malindi na Mpeketoni kunaweza kukuonyesha tofauti ambayo hukuitarajia.

Njia ya ami yako ina heri ndani yake, kwa sababu ni mtu wa damu na ataipata dukani. Shaka yangu ni juu ya safari. Msafiri anayebeba dawa ya mtu mwingine bila cheti cha daktari anaweza kuulizwa mpakani, na dawa ya kila siku haiwezi kungoja mtu apate tikiti. Huenda ikafaa kama akiba, ikiwa ndani ya boksi lake na nakala ya cheti; kuifanya ndiyo tegemeo ni kumweka dada yako chini ya ratiba za watu wengine.

Kuhusu ushauri wa mama wa kupunguza, hapa nitasema kwa uzito zaidi. Mama anaona mtoto aliyepona, na macho yake hayamdanganyi. Ila kutoanguka huko ni kazi ya dawa iliyomo mwilini, na ikipungua ghafla kifafa kinaweza kurudi kikiwa kikali kuliko mwanzo, hata kuanguka kusikokoma. Kuanguka kunakozidi dakika 5, au kunakofuatana bila mtu kurejewa na fahamu, ni dharura ya kukimbizwa hospitali, na wewe unajua maana yake ukiwa kisiwani usiku. Madaktari huwa tayari kuzungumzia kuacha dawa mgonjwa akikaa takriban miaka 2 bila kuanguka, na hata hapo huipunguza kidogo kidogo kwa miezi. Kwa hivyo wazo la mama si la kutupwa. Limekuja mapema, nalo linapaswa kupelekwa kwa daktari. Visomo na kombe havigombani na vidonge, na pengine mama akihakikishiwa kwamba hakuna anayemwambia aache dua, itakuwa rahisi kwake kuyasikia haya.

Tufike hospitali ya serikali, ambako mke wako ameuliza swali la haki. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani, mwezi wa Oktoba 2024. Kujiandikisha hufanywa kwa simu kwa kupiga *147#, na aliyejiandikisha hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya kwa fedha za serikali hata kabla ya kuanza kuchangia. Kwa hospitali kubwa inatakiwa mchango uwe umelipwa, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, ingawa kila nyumba hupimwa kwa uwezo wake na yenu inaweza kupangiwa zaidi. Linganisha na unachotumia kwa mwezi mmoja. Wala sitaki kukupaka asali: dawa huisha katika hospitali zetu, aina inayoyeyuka polepole inaweza isiwepo, na foleni ni foleni. Mtu anayetegemea hospitali hufanya vizuri kuuliza mapema mzigo mpya unakuja lini, na kuweka akiba ya siku kadhaa nyumbani.

Halafu ndiyo hiyo siri. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamkataza mhudumu kutoa habari za mgonjwa, na hilo mama anaweza kuambiwa. Lakini wewe na mimi tumekulia katika miji midogo, na najua kwamba sheria haizibi kila mdomo. Fikiri kama kuna njia za kati. Si lazima dada aonekane kwenye foleni kila mwezi ikiwa wewe unaweza kuchukua dawa kwa cheti chake. Kuna vituo upande wa bara, Mokowe na Mpeketoni, ambako hamjulikani kama mnavyojulikana kwenu. Mjomba ambaye ndiye aliyeshauri Mombasa, na ambaye mama alimsikiliza wakati ule, huenda ndiye anayeweza kuzungumza naye sasa bila ionekane kwamba mwanawe anampinga. Na mama ajue kwamba hayuko peke yake: watafiti waliochunguza kifafa katika kaunti ya Kilifi waliandika mwaka 2012 kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata dawa inavyotakiwa, na miongoni mwa sababu walizozikuta ni kuishi zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, kulazimika kulipia dawa, na imani kwamba tiba ya hospitali haifai. Katika nyumba nyingi za pwani hii kuna mtu anayefichwa.

Nimemwacha dada yako mwisho, ingawa yeye ndiye mwenye jambo. Umesema hutaki ajione mzigo, na nakuamini. Lakini ana miaka 20, ana kazi yake, ana kitambulisho ambacho bila hicho hawezi kuandikishwa SHA, na ni mwili wake utakaokuwa wa kwanza kuhisi dawa ikibadilika. Mtu asiyejua kwamba vidonge vimebadilishwa hawezi kumwambia yeyote kwamba leo kichwa ni kizito au mkono umetetemeka. Je, una hakika kwamba hajui? Mara nyingi mgonjwa wa nyumbani huona zaidi ya tunavyofikiri, na hunyamaza ili naye asituumize. Na akishahamia Malindi, ni nani atakayemletea dawa, na ataiweka wapi ili mumewe asiione? Sikuulizi ili kukusukuma muwaambie wachumba kesho. Hilo ni la dada yako kulipima, pamoja na mama, kwani kuna watu wa heshima ambao huudhika zaidi kwa kufichwa kuliko kwa ugonjwa, na kuna ambao huvunja posa. Ninachokiona ni kwamba mnampangia maisha ambayo ndani yake ataendelea kunywa kidonge asubuhi na usiku, na yeye hajaulizwa angependa ayaishi vipi.

Kwa wiki hizi mbili zilizobaki, usingoje mpaka siku ya mwisho. Duka la dawa lenye mfamasia huweza kukuuzia dawa ya siku 10 kwa pakiti ndogo bila kukulazimisha boksi zima, ya kampuni ileile anayoitumia sasa, na hiyo itakupa nafasi ya kumpata daktari kwa simu na kuzungumza na mjomba. Kama hata pesa za hizo siku 10 hazipatikani, mweleze daktari hivyohivyo ulivyonieleza mimi, kwamba dawa inakwisha na pesa hakuna; kliniki nyingi zinapendelea kusikia neno hilo mapema kuliko kumpokea mgonjwa aliyekatiza dawa. Na ukimpigia, dada akiwa ameketi karibu nawe au asiwepo, andika majibu ya daktari kwenye karatasi, jina la dawa, aina na kipimo, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa ikiulizwa Mokowe, Mpeketoni au Muscat.